Pomboo wa bwawani: niwapeleke wanangu wakaogelee naye?

Swali: "Daktari, mimi ni mzaliwa wa Unguja, nafanya kazi Dubai. Wanangu wawili wanakuja likizo na wameshaniomba niwapeleke wakaogelee na pomboo kwenye bwawa la hoteli. Mwenzangu kazini anasema ni dhambi, wale ni wafungwa. Nilipita kuwaona mwenyewe: maji safi, samaki wa kutosha, wana daktari wao, na wanacheka. Kwetu Kizimkazi wanakimbizwa na boti tangu asubuhi, na wengine hufia kwenye nyavu. Kweli hawa wa bwawani wanateseka? Na wakiachiwa leo, si watakufa?"

Jibu: Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: usiwapeleke. Sababu si kwamba bwawa ni chafu wala kwamba wahudumu ni makatili. Wakufunzi wengi wa pomboo wanawapenda kwa dhati wanyama wao, na wapo wanaolala kando ya bwawa pomboo akiugua. Tatizo liko kwingine. Ili ulione, inabidi uache kuutazama uso wa pomboo uitazame siku yake nzima, kisha uulize amefikaje hapo.

Uso niumalize upesi. Ule mdomo uliopinda ni umbo la taya. Pomboo hana misuli ya kuukunja uso kwa huzuni au kuukunjua kwa furaha. Akiogopa, akiumwa, hata akishakufa, mdomo unabaki vile vile. Kwa hiyo hilo la kucheka tuliache.

Amefikaje hapo? Hujataja hoteli, nami sitakisia, lakini historia ya Dubai yenyewe inajulikana. Oktoba 2007 pomboo 28 walipakiwa ndegeni katika Visiwa vya Solomon, kule Pasifiki, wakapelekwa Dubai kwa ajili ya bwawa la hoteli mpya kwenye kisiwa cha Palm. Walikuwa Tursiops aduncus. Jina la kitaalamu lisikutishe, ni jamii ile ile ya pomboo wa Kizimkazi, Wasini na Watamu, wanaopenda maji ya karibu na pwani. Miaka minne kabla yake, Julai 2003, idadi ile ile ya pomboo wa Solomon ilipelekwa Cancún. Zogo lililofuata lilikuwa kubwa, na mwaka 2006 Mexico ikapiga marufuku kuingiza nchini pomboo na nyangumi walio hai.

Biashara ile haikuwa ya magendo. Pomboo hawa wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, yaani nchi inaruhusiwa kuwauza nje mradi ithibitishe kwamba kuwatoa hakutawadhuru waliobaki baharini. Ndipo kwenye mtihani. Agosti 2008 wataalamu walioitwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, walikutana Apia, Samoa, wakapiga hesabu: ukitaka kutoa pomboo 50 kwa mwaka bila kuwamaliza, huko unakowatoa lazima wawepo 5,000 au zaidi. Tafiti zilizofuata Solomon zilikuta makundi madogo yasiyofika hata karibu na idadi hiyo. Na pomboo si dagaa. Jike hubeba mimba miezi 12, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha miaka miwili au zaidi, na mtoto hukaa ubavuni mwa mama miaka mitatu hadi sita. Wanunuzi hutaka majike vijana, kwa kuwa ni wepesi kufundishika na hawana makovu. Kundi dogo likinyang'anywa majike kumi wa namna hiyo, pengo hilo halizibiki kabla wewe hujawa bibi.

Chanzo kingine, tena kikubwa zaidi, ni Taiji, mji mdogo wa wavuvi katika mkoa wa Wakayama, Japani. Kila mwaka kuanzia Septemba boti hutoka alfajiri. Zikiona kundi hujipanga mstari, na wavuvi huzamisha mabomba ya chuma majini wakayagonga kwa nyundo. Pomboo huishi kwa sikio kuliko kwa jicho, na ukuta ule wa kelele humkimbiza mpaka ndani ya hori, yaani mkono mdogo wa bahari, kisha nyavu hufungwa nyuma yake. Hapo wakufunzi huingia majini kuchagua. Waliochaguliwa huuzwa, na wengi wa waliobaki huchinjwa kwa ajili ya nyama. Pomboo aliyekwisha kufundishwa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, ilhali nyama yake ni ya dola mia chache. Hesabu hiyo ndiyo inayozipeleka boti baharini mwaka baada ya mwaka, na mwenye tiketi anailipia bila kujua. Aprili 2015 shirikisho la dunia la bustani za wanyama, WAZA, lilikisimamisha uanachama chama cha Japani, na mwezi uliofuata chama hicho kikawakataza wanachama wake kununua pomboo wa Taiji. Soko halikufa kwa hilo, maana China peke yake ilikuwa ikifungua mabwawa mapya kila mwaka.

Halafu kuna safari. Pomboo akiwa majini hana uzito. Ukimtoa, kilo zake 150 au 200 zinaelemea mapafu yake mwenyewe. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida hulitoa kupitia mapezi na mkia, linakwama ndani. Ndiyo maana husafirishwa kwenye machela juu ya povu laini, amepakwa mafuta, na mtu wa kumnyunyizia maji muda wote. Hata hivyo wapo wanaokufa. Novemba 2012, pomboo mmoja wa Solomon aliyekuwa akipelekwa Singapore kutoka Ufilipino alifia angani kabla ndege haijatua. Takwimu za Marekani zilizochambuliwa mwaka 1995 zilionyesha kwamba katika siku tano za kwanza baada ya kukamatwa, hatari ya kufa hupanda kama mara sita, na huchukua zaidi ya mwezi kushuka. Kila ukimwona pomboo wa baharini akirukaruka bwawani, kumbuka unamwona aliyevuka kipindi hicho. Wenzake ambao hawakuvuka huwezi kuwaona.

Tuje kwenye siku yake. Baharini kazi kubwa ya pomboo ni kutafuta chakula: kupekua mchangani, kumfuata ngisi, kusaidiana na wenzake kulizingira kundi la samaki, na wakati huo huo kusikiliza papa. Akili ile kubwa tunayoisifu ni ya kazi hizo. Bwawani samaki hutoka kwenye ndoo, wamekufa, kwa saa zinazojulikana. Kazi imeondolewa, akili imebaki. Ndipo utamwona akizunguka upande ule ule, mzunguko baada ya mzunguko, au akielea juu bila kusogea, kichwa kikielekea mlango wanaotokea wakufunzi, kama mtoto wa shule anayesubiri kengele.

Kuhusu kusubiri huko upo utafiti mmoja ninaoupenda. Isabella Clegg na wenzake waliwachunguza pomboo wa Parc Astérix, karibu na Paris, na mwaka 2018 wakachapisha kwamba pomboo walikuwa wakimtazamia mkufunzi wanayemjua kwa hamu kubwa kuliko midoli yao, hata pale mkufunzi hakuja na samaki. Wenye mabwawa waliutangaza sana: unaona, wanatupenda! Mimi nausoma vingine. Mahali ambapo kitu kimoja tu hubadilika siku nzima, nacho ni mtu, pomboo atamngoja mtu huyo. Sikatai kwamba mapenzi yapo. Nasema hayo si ushahidi kwamba hana anachokikosa. Bwawa lile, kwa taarifa yako, lilitangaza mwaka 2021 kwamba linafungwa.

Ukubwa wa bwawa huzungumzwa sana. Kanuni za Marekani zinaruhusu pomboo wawili wakae kwenye bwawa lenye upana wa mita 7.32 na kina cha mita 1.83. Mwanamume mrefu akisimama sakafuni, paji lake la uso liko nje ya maji. Hoteli kubwa hutoa nafasi zaidi ya hapo, nyingine mara nyingi zaidi, na bado hailingani na Hifadhi ya Ghuba ya Menai ya kwenu Kizimkazi, yenye kilomita za mraba 470, ambayo nayo haina ukuta. Ila mimi nafasi yenyewe hainisumbui kama suala la kukimbiana. Pomboo hugombana, tena hugombana vibaya, na alama za meno utaziona mgongoni. Baharini anayeshindwa huogelea kilomita kadhaa, akakaa na kundi jingine mpaka mambo yapoe. Bwawani anazunguka na mbabe wake usiku kucha.

Kundi lenyewe hakulichagua. Kila pomboo huunda mluzi wake mwenyewe akiwa bado mdogo, na wenzake humtambua kwa mluzi huo. Mwaka 2013 Jason Bruck alionyesha kwamba pomboo wa mabwawani bado waliitambua milio ya wenzao waliotenganishwa nao zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mabwawa huazimana na kuhamishiana wanyama kwa sababu za uzazi au biashara, na karatasi huwa zimekamilika. Anayehamishwa anaondoka na kumbukumbu ya walioachwa.

Utasikia pia hoja kwamba sauti ya pomboo humrudia kwenye kuta za saruji ikamtia wazimu. Hiyo usiitumie kubishana na mtu. Pomboo akiwa bwawani hupunguza nguvu ya milio yake, na kwa kiasi kikubwa huacha kuitumia kwa sababu hakuna cha kutafuta. Kelele zinazomchosha zaidi ni zetu: pampu zisizolala, spika za muziki, ujenzi wa jirani.

Na huyo daktari uliyefurahi kusikia kwamba yupo, nikueleze anafanya nini, maana ni kazi ninayoijua. Samaki waliogandishwa hupoteza maji na vitamini. Pomboo hanywi maji ya bahari, maji yake huyapata kwenye samaki, kwa hiyo wa bwawani hupewa vipande vya jelatini au hutiwa maji tumboni kwa mpira. Vitamini B1 na E hufichwa ndani ya samaki wa kwanza wa asubuhi. Tunatibu vidonda vya tumbo, ukungu wa ngozi na mapafu, macho yaliyochomwa na klorini na jua, chuma kilichozidi kwenye damu, na sarafu na majani yaliyomezwa. Madaktari walipowapima kwa ultrasaundi pomboo wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, karibu theluthi moja walikuwa na mawe kwenye figo. Kwa wale wa Ghuba ya Sarasota, Florida, wanaofuatiliwa tangu mwaka 1970 wakiwa huru, hayakuonekana kwa hata mmoja. Pomboo wa jeshi wanatunzwa vizuri kuliko karibu wote duniani, na wanaishi kwenye vizimba vya baharini, si kwenye saruji. Kwa hiyo ukisikia kwamba bwawa lina daktari wa kudumu, furahi kwa ajili ya wanyama, lakini jiulize pia ni mnyama gani mzima anayehitaji daktari kila siku.

Nisikufiche upande wa pili. Kwa mabwawa ya Marekani ya leo, ile hoja ya zamani kwamba pomboo wa bwawani hufa mapema haisimami vizuri. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa wastani wa umri wa takriban miaka 28, sawa na makundi ya baharini yaliyopimwa, au zaidi kidogo. Waandishi wake wanatoka ndani ya sekta yenyewe, lakini hesabu zao nimezisoma na sioni hila. Baharini kuna papa, nyavu na njaa. Angalia mambo mawili tu. Hizo ni takwimu za nchi yenye ukaguzi na kumbukumbu za miaka mingi, huwezi kuzibeba ukazitua kwenye kila hoteli ya dunia. Pili, umri hupimwa kwa miaka, na swali lako lilihusu kuteseka. Jike mmoja wa Sarasota, Nicklo, alifika miaka 67 akiwa baharini, na hata angekufa na 30, kila siku ya miaka hiyo alikuwa akiamua mwenyewe aelekee wapi.

Neno hilo la kuamua ndilo ninalolitumia nikiulizwa kuhusu programu za kuogelea na pomboo. Filimbi ikilia, mnyama hulala chali, hutoa pezi, hubusu shavu la mtoto, hupokea samaki. Mgeni akiondoka anaingia mwingine, na mambo yale yale yanarudiwa mpaka jioni. Je, akichoka, kuna mahali pa kwenda ambapo mgeni haruhusiwi kumfuata? Na asipofanya, samaki wake wa siku anabaki kamili? Ukipiga simu hotelini waulize hayo mawili, na uongeze la tatu: kila pomboo alizaliwa wapi, na kama ni baharini, bahari ipi. Wenye majibu huyatoa bila kusitasita.

Wakikwambia wote wamezaliwa bwawani, amini, inawezekana. Hapo dhambi ya kukamata imepungua. Maisha ya bwawani yamebaki kama nilivyoeleza.

Sasa hili la kuwaachia, ambalo watu wa pande zote mbili hulirahisisha. Mfano mzuri uko Korea Kusini, tena kwa jamii hii hii ya pomboo wetu. Mwaka 2009 pomboo dume alinaswa na wavu wa wavuvi karibu na kisiwa cha Jeju, akauzwa kinyume cha sheria, akaishia kwenye bustani ya wanyama ya Seoul. Walimwita Jedol. Meya wa Seoul, Park Won-soon, alitangaza mwaka 2012 kwamba atarudishwa, na mahakama nayo ikaamuru wengine waliouzwa kwa njia hiyo wanyang'anywe wenye bwawa. Wakawekwa kwenye kizimba baharini, wakaanza kupewa samaki hai, watu wakajitenga nao polepole. Jike mmoja, Sampal, hakungoja: Juni 2013 alipita kwenye tundu la wavu, na baada ya siku chache akaonekana yuko na kundi la porini. Jedol na jike mwingine, Chunsam, waliachiwa Julai. Mwaka 2016 Sampal na Chunsam walionekana kila mmoja na mtoto ubavuni. Mwaka 2015 waliachiwa wawili zaidi, na mmoja wao, Boksun, alikuwa na mdomo uliopinda ambao wengi waliamini utamuua kwa njaa. Naye akazaa.

Kisha wakajaribu na waliokaa muda mrefu. Geumdeung na Daepo, waliokaa kifungoni karibu miaka 20, waliachiwa mwaka 2017 na hawakuonekana tena. Bibong, aliyekamatwa mwaka 2005, aliachiwa Oktoba 2022, akapotea vile vile. Kwa hiyo jibu la "si watakufa?" linategemea ni nani: alikamatwa akiwa na umri gani, kakaa miaka mingapi, na je, anarudishwa kwenye maji ya kwao kwenye kundi lake? Pomboo wa Solomon aliyekaa Dubai tangu 2007, au mtoto wake aliyezaliwa pale, ukimfungulia mlango kwenye Ghuba ya Uajemi unamtupa. Kwao njia ya haki ni hori la bahari lililozungushiwa wavu, lenye mawimbi, samaki wanaopita na matope ya kuchimbua, waendelee kulishwa na kutibiwa humo, wasionyeshwe kwa tiketi na wasizalishwe. Ni ghali. Bustani ya samaki ya Baltimore ilitangaza mwaka 2016 kwamba itawahamisha pomboo wake kwenye hori kama hilo ifikapo 2020, na miaka ikapita wakiwa bado bwawani. Sheria nazo zinakwenda: India ilikataa mabwawa ya pomboo mwaka 2013, Kanada ikafunga mlango 2019, Ufaransa ikapitisha sheria yake 2021, na Juni 2025 bunge la Mexico, nchi yenye pomboo wa bwawani wapatao 350, likapiga kura ya kukomesha maonyesho. Kila moja imelazimika kujibu hao waliopo waende wapi, na majibu mazuri ni machache.

Umenikumbusha Kizimkazi, na umenipata pazuri. Pomboo waliwindwa pale kwa ajili ya nyama na chambo mpaka katikati ya miaka ya 1990, na utalii ndio uliowafanya wawe na thamani wakiwa hai. Hilo ni jema, nisingependa lidharauliwe. Lakini watafiti waliokaa Menai wakiwaangalia walikuta kwamba boti zikiwa nyingi, pomboo hupunguza kupumzika na kula, wanatumia muda wao kukimbia. Majarife nayo yanaua, kama ulivyosema. Tofauti yao na wa bwawani ni kwamba boti zikiondoka, pomboo wa Menai anarudi kwenye shughuli zake. Na kosa la boti lina dawa rahisi kuliko la saruji: linahitaji nahodha mmoja kuzima mashine.

Kwa hiyo Dubai wapeleke watoto kwenye matangi ya samaki na matumbawe, watafurahi, wawaone samaki kwa karibu. Ahadi ya pomboo iwekeni mpaka mtakaporudi nyumbani. Mkifika Kizimkazi, zungumza na nahodha kabla ya kulipa. Mwambie hamtaki kuruka majini juu ya pomboo, mnataka aende taratibu sambamba nao kwa mbali, asiwakate njia, na mkikuta boti mbili tayari ziko nao, msubiri au mgeuze. Akikwambia kwamba bila kuogelea nao hakuna biashara, tafuta mwingine, wapo. Kipindi cha kaskazi maji yakitulia, ondokeni mapema, kabla mabasi ya wageni hayajafika kutoka mahotelini. Nenda na shuka la kuwafunika watoto upepo, na darubini ndogo kama unayo.